Aliyeandika Wasifu wa Gasper

Jina la Fanueli Nzunda lilikuwa limeandikwa kwenye bango kwa herufi kubwa kuliko jina la kongamano lenyewe. Bango lilifungwa kwa kamba juu ya mlango wa ukumbi pale Vwawa, hatua chache kutoka barabara kuu, na kila lori la Zambia lililopita lililitikisa kidogo. MWANDISHI NGULI, ndivyo lilivyosema. Chini yake palikuwa na picha yake ya miaka minane iliyopita, enzi ana nywele.

Hakuna aliyelazimishwa kuamini maneno ya bango, lakini Fanueli aliyaamini tangu aliposhuka kwenye gari. Tusimseme sana. Mtu aliyeondoka kwao miaka ishirini na tatu iliyopita, akaitwa arudi awe mtoa mada, akapokelewa na akina mama wa kwaya wakimwimba kwa jina, lazima kichwa kivimbe. Chake kilivimba. Alikuja na koti jepesi la suti katika ukungu wa Julai wa Mbozi, wakati wenzake wote wamejifunga majaketi na vitenge mabegani, akawa anatetemeka kwa heshima kubwa.

Mwenyeji wake alikuwa Mwalimu Nsajigwa, mstaafu aliyefundisha Kiswahili miaka thelathini na sita na ambaye, badala ya kupumzika, alianzisha umoja wa waandishi wa mkoa. Kila mwaka umoja uliwakusanya watu: asubuhi warsha, mchana chakula, jioni kufunga. Kazi zilizopendeza ziliingia kwenye kitabu cha pamoja kinachogawiwa shuleni. Kitabu hicho ndicho kilichowatoa watu Galula kwa pikipiki kabla ya jua kuchomoza, na wengine wakapanda kutoka Tunduma na daftari kwapani. Kila mtu alitaka jina lake lisomwe na wajukuu.

Fanueli yeye alikuwa na kitabu chake tayari. Kimoja tu, hadithi fupi, kinaitwa Buni Mbichi, na ndani yake hadithi moja tu ndiyo iliyojulikana. Iliitwa "Sweta". Iliposomwa redioni watu walilia, na walimu wakaanza kuifundisha bila hata kuambiwa. Zile nyingine kumi na mbili hakuna aliyezikumbuka, na Fanueli alijua kwa nini. Zile kumi na mbili alizitunga mwenyewe.

Somo lake la asubuhi lilikuwa kuandika unachokijua. Alilitoa vizuri, hilo hatumnyimi. Alisema mtu asihangaike na majumba ya kifalme wakati jikoni kwake kuna habari. Kisha akawapa siri ya kazi, kama alivyoiita. "Badilisha jina, badilisha kijiji, halafu sema ukweli wote. Hakuna atakayekujua." Kalamu ishirini na saba zikaandika maneno hayo kama yalivyo.

Aliwapa saa moja na nusu waandike. Akawa anapita kati ya meza, mikono nyuma, kama msimamizi wa mtihani, akichungulia hapa na kukohoa pale. Alipofika meza ya mwisho karibu na dirisha alimkuta mama mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi upande mmoja, anaandika haraka bila kuinua kichwa. Fanueli alimtazama mkono kwanza. Halafu uso.

Alikuwa Tabita, Mama Rozi wa Ruanda, kijiji alichokulia Fanueli.

Kule Ruanda, kama kwingi Mbozi, mtu hazikwi bila wasifu. Kabla jeneza halijatoka nyumbani mtu husimama na karatasi akasoma: marehemu alizaliwa mwaka fulani, alibatizwa, alioa, aliugua, ameacha mjane na watoto kadhaa. Karatasi hiyo haijiandiki. Hutafutwa mwenye mwandiko mzuri na Kiswahili kilichonyooka, akaingizwa ndani kwa wafiwa, akaambiwa mambo yote, kisha akaandika yale yanayosomeka mbele ya watu. Yaliyobaki anakaa nayo mpaka na yeye aandikiwe wake. Hakuna anayemwapisha. Inajulikana tu, kama inavyojulikana kwamba mchimba kaburi hasimulii alichokikuta udongoni.

Fanueli ndiye aliyekuwa na mwandiko. Alipokuwa na miaka kumi na tisa, amemaliza kidato cha nne na anasubiri matokeo, alikwisha kuandikia marehemu kumi na mmoja. Wa kumi na mbili alikuwa Gasper, mzee wa kanisa, aliyeanguka katikati ya mibuni yake ya kahawa na kukata roho kabla ya kufikishwa hospitali. Fanueli aliingizwa jikoni. Tabita alikuwa amekaa kwenye kigoda, hajafikisha miaka thelathini na mitano, macho makavu. Alimtajia tarehe zote bila kukosea hata moja. Walipofika kwenye watoto alisema, "Andika watatu." Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Ni wanne."

Akamweleza yote, mpaka mtoto mgeni aliyemwona uani asubuhi ile. Alipomaliza akasema, "Hayo usiyaandike, mwanangu. Nimekwambia kwa sababu moyo umejaa, na wewe ndiye uliyekaa mbele yangu."

Fanueli alisema ndiyo, mama. Siku ile akaandika watatu. Miaka kumi na tano baadaye, akiwa Dodoma, hana cha kumwambia mchapishaji, akaandika wanne.

Sasa alisimama mbele ya darasa akiomba kimoyomoyo mama yule asinyooshe mkono. Watu wanne walisoma. Mmoja alisoma juu ya mbwa wake, mwingine juu ya bei ya mbolea kwa vina. Wa tano akawa Tabita.

"Mimi naitwa Tabita, natokea Ruanda," alisema, daftari akilishika kwa mikono miwili. "Nimeletwa na kikundi cha wanawake wa usharika. Sijazoea mambo haya. Mtanisamehe."

Alisoma polepole, kwa lafudhi yake ya Kinyiha. Katika hadithi yake mwanamke aliitwa Nelia na kijiji kiliitwa Mlimani. Mume wa Nelia alikuwa akipeleka mahindi mpakani kila baada ya mavuno, na ng'ambo, upande wa Nakonde kule Zambia, akawa na mwanamke, na mwanamke akazaa binti. Nelia alijua. Aliambiwa na utingo wa lori tangu mwaka wa kwanza. Hakupiga kelele wala hakwenda kwa wazee. Binti yule alizaliwa mwezi uleule na kitinda mimba wake Nelia mwenyewe. Walipofika umri wa shule, kila Januari Nelia alimsimamisha mwanawe, akampima mabega, akafuma sweta mbili. Moja ilivaliwa nyumbani. Nyingine ilipanda lori. Na kila mara utingo alirudi na maneno mawili tu ya Kibemba kutoka kwa mwenzake wa ng'ambo: natotela, mayo, yaani asante, mama. Mume hakuwahi kujua kwamba mkewe anajua.

Kisha mume akafa. Siku ya maziko, katikati ya umati, Nelia akaona mtoto mgeni amekuja na mjomba wake, amevaa sweta ya kijani, na shingoni mwa sweta kuna kosa dogo, pale ambapo yeye Nelia siku zote huruka jicho moja la uzi. Akamwita. Akampa uji. Akamuuliza, inakubana wapi? Mtoto akaonyesha kwapani.

"Nelia akajua," Tabita akasoma mstari wa mwisho, "kwamba mwaka ujao aongeze vidole viwili."

Mzee mmoja akavuta makamasi. Fanueli alijua, palepale, kwamba katika maisha yake hajawahi kuandika mstari kama ule, na aibu iliyompanda haikuwa hata ya wizi wake bado. Ilikuwa ya kwamba alipewa kitu hiki kikiwa kizima, akakivunja.

Mkono ukanyooshwa mbele. Alikuwa Erica, mwalimu kijana wa sekondari kutoka Tunduma, aliyekuja na nakala yake ya Buni Mbichi ameivalisha nailoni ili mgeni aisaini.

"Samahani mkufunzi. Mama, shikamoo. Sipendi kusema, ila nisiposema nitakuwa sijatenda haki. Hii ni 'Sweta'. Iko kwenye kitabu cha mgeni wetu, ukurasa wa arobaini na moja, mimi naifundisha kila mwaka. Mpaka ule ule, mahindi yale yale, sweta mbili, mtoto anatokea msibani. Mama amekopi." Akageuka kwa wenzake. "Tena ameiharibu. Kwa mgeni wetu mke hajui kitu. Baba ndiye ananunua sweta mbili kwa siri, kwa upendo wake. Mke anapomwona mtoto msibani anaanguka, karibu aingie kaburini, watu wanambeba. Ndipo wanafunzi wangu wanapolia! Sasa mama kageuza, eti mke alikuwa anajua. Hadithi itakuwa wapi hapo?"

Minong'ono ikazagaa. Tabita aligeuka, akamtazama Fanueli, na Fanueli akaona anavyotambuliwa hatua kwa hatua, kuanzia kipara kushuka chini, mpaka kijana wa jikoni akapatikana, yule ambaye Ruanda walimjua kwa jina la nyumbani tu, si hili la bangoni.

Ilikuwa zamu yake kusema. Maneno mawili tu yangetosha.

"Hadithi huwa zinafanana," alisema. "Mambo haya kwetu yapo. Tusimhukumu mama. Huenda aliisikia mahali."

Huenda aliisikia mahali! Alisema hivyo mtoto wa Ruanda, mwandishi nguli, mbele ya mwenye nayo, na sauti haikumtetemeka. Watu wakatikisa vichwa wakiona jinsi alivyo muungwana.

"Huenda," Tabita akasema. Akakaa, akafunga daftari.

Mchana palikuwa na wali na maharage na kabichi, na meza kuu ikaletewa kuku na soda. Fanueli aliwekewa paja. Alilitazama. Mwalimu Nsajigwa alikuwa upande wake wa kulia akimweleza kwamba kamati imekaa, kazi ya yule mama imeondolewa kwenye kitabu, na jioni atatoa onyo kwa wote bila kutaja jina, maana umoja hauwezi kulea wizi. "Uniwie radhi sana," mzee alisema. "Umekuja kwetu ukaibiwa mbele ya macho yetu." Fanueli akasema hakuna shida, Mwalimu. Akalisogeza paja ukingoni mwa sahani.

Kupitia dirishani alimwona Tabita amekaa kwenye ngazi ya nje juani, peke yake, sahani magotini. Wale wanawake aliokuja nao walikuwa wamekaa mbali kidogo. Fanueli akainuka, akatoka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenenepa."

"Mama Rozi, nisamehe."

"Umekula? Chakula kinapoa."

Alichuchumaa chini yake, koti la suti likaburuza vumbi. "Jioni nitasimama niseme. Nitawaambia hadithi ni yako."

Tabita aliweka kijiko. "Usiseme kitu."

"Wanakuita mwizi, mama."

"Waniite. Nitakuwa mwizi wa hadithi mpaka Jumapili. Jumatatu kuna kuchuma kahawa, watasahau. Ukisema ni yangu, wataniuliza nimeipata wapi." Alionyesha kwa kidevu. "Yule mwenye kofia ni Sebastian, mdogo wake Gasper, kaja na mashairi yake ya kilimo. Kwake kaka yake ni malaika. Na Rozi wangu ana duka la vitenge Tunduma. Mzigo anachukua ng'ambo, kwa binti mmoja anaitwa Elina. Wanaitana dada, kama wafanyabiashara wanavyoitana. Mimi ndiye niliyewakutanisha, kwa akili zangu, wakajuana kama watu wa biashara tu. Elina ana baba anayemjua, aliyemlea, mzima mpaka leo. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Nilibadilisha jina na kijiji kama ulivyofundisha. Nilitaka tu yatoke kifuani." Akachukua tena kijiko. "Nikuulize. Kwa nini kwako mke hakujua?"

Fanueli alitamani ardhi ipasuke immeze. "Hadithi ilihitaji... msomaji ashtuke."

"Mhh." Tabita alichota wali, akautafuna bila haraka. "Na sweta ukampa Gasper. Gasper hakuwahi kununua hata kifungo."

Hakuna kofi ambalo lingemuuma kama lile neno. Akaomba msamaha tena, na tena, mpaka Tabita akachoka kusikia.

"Sitaki msamaha wako, nataka unyamaze. Jioni watarusha mambo yao kwenye simu, Rozi yuko dukani ananisubiri anione. Anione nimekaa na wenzangu, basi. Niahidi."

"Nakuahidi, mama."

Na aliahidi kwa moyo wote, kwa muda ule.

Jioni wakafunga. Erica alisimamisha simu yake kwenye kijiti mbele ya jukwaa, akatangaza kwamba wako mubashara, na ndugu zao wa Tunduma na Momba wanawaona. Mwalimu Nsajigwa alisoma orodha ya kazi zilizochaguliwa. Wenye majina walipigiwa vigelegele. Kisha akavua miwani, akasema kwa uchungu wa mwalimu kwamba kazi moja imeondolewa kwa sababu ilichukuliwa kutoka kwa mtu mwingine. Hakutaja jina. Hakukuwa na haja, shingo zote ziligeuka kuelekea dirishani. Tabita alitazama mbele, mikono juu ya daftari, uso mtulivu kama aliyekaa kanisani.

Wakamwita Fanueli apewe cheti na kilo mbili za kahawa ya kusaga. Hapo angepokea, angesema asante, angekaa. Dakika tano hivi. Lakini Nsajigwa alikuwa mtu wa hotuba.

"Mtazameni mwenzetu huyu," alisema, akimshika bega. "Hakuchukua cha mtu. Alichota kwao, kwa jasho lake. Vijana, hivi ndivyo mwandishi mwaminifu anavyokuwa."

Aibu ilikuwa imemkaba Fanueli tangu asubuhi. Sasa ikataka kutoka. Wala tusimpambe kwa kusema alimfikiria Tabita. Alijifikiria yeye. Alifikiria jinsi atakavyolala usiku ule na neno lile, mwaminifu, na akaona hawezi. Akachukua kipaza sauti.

"Hadithi ile si yangu," alisema. "Ni ya mama Tabita. Mimi ndiye niliyeichukua kwake."

Halafu Mwalimu Nsajigwa akacheka kwa upole, akatikisa kichwa.

"Mnaona? Mnaona unyenyekevu? Mgeni wetu hataki mama yetu aaibike, yuko radhi ajichafue mwenyewe. Jamani, makofi ya kilo!"

Ukumbi ukalipuka. Na mlango ukawa umefunguka mbele ya Fanueli, mpana kabisa. Alikwisha kusema kweli, hakuna aliyemwamini, na hakuna siri iliyotoka. Kule dirishani Tabita mwenyewe alikuwa anapiga makofi, tena kwa nguvu kuliko wote, macho yamemkazia: kaa, mwanangu, kaa chini. Angekaa tu.

Lakini kusifiwa kwa hilo nalo, juu ya mengine yote, kulimshinda.

"Hapana! Nisikilizeni!" Sauti ilipasuka. "Sijinyenyekezi. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika wasifu kule Ruanda. Niliitwa jikoni kwa mama huyu siku ya msiba wa mumewe. Aliniambia kwa kinywa chake. Si hadithi, mtoto yupo! Sweta alifuma mwenyewe, mama huyu hapa, kila mwaka. Alinikataza nisiandike, nami nikaandika, nikauza, nikamfanya mjinga kwenye kitabu. Mwizi ni mimi."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Alijisikia mwepesi, kama mtu aliyetapika kitu kilichomsumbua tumboni siku nzima. Mama mmoja nyuma akaitikia, "Amina!" Mwingine akaitikia. Erica alikuwa ameshika mdomo. Fanueli akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu asubuhi, na aliifurahia pumzi ile, hilo lazima lisemwe.

Pumzi hiyo haikufika mwisho. Katikati ya ukumbi, kwenye benchi la watu wa Ruanda, Sebastian alikuwa amesimama. Alivua kofia.

"Shemeji," alisema, wala hakupaza sauti. "Ni kaka Gasper anayesemwa hapo?"

Hakuna aliyeitikia amina tena. Tabita alishika ukingo wa meza, akainuka. Kwa mara ya kwanza siku ile alionekana mzee.

"Ndiye, shemeji."

"Ana mtoto Nakonde."

"Anaye."

Sebastian alimtazama kwa muda. Akaitazama kofia mikononi mwake, akaivaa, akapita kati ya mabenchi akatoka, na watu wawili wa ukoo wakamfuata wakiwa tayari wameshika simu zao. Erica akashtuka, akakimbilia simu yake kwenye kijiti, akaizima. Alichelewa.

Kwenye fundo la kitenge cha Tabita kitu kikaanza kuita. Alikifungua fundo, akatoa kisimu chake kidogo, akakisogeza karibu na miwani. Alisoma jina. Simu ikaita mpaka ikakata. Ikaanza tena.

Fanueli aliteremka jukwaani. "Mama," alisema, "mama, sikukusudia..."

Tabita alikuja mbele polepole, watu wakimpisha, simu ikiita mkononi mwake. Alisimama mbele ya Fanueli. Hakumtukana wala hakulia. Alimtazama usoni kama anayemtafuta mtu mwingine humo, akamkosa.

"Umepumua?" alimuuliza.

Fanueli akafuta machozi kwa mkono wa koti.

"Nimekuomba kitu kimoja tangu nikujue. Mara mbili." Akamnyooshea simu. "Haya, wewe ndiye mwenye maneno. Mpokelee."

Aliipokea kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akabonyeza, akaiweka sikioni. Upande wa pili zilisikika honi za malori ya mpakani, na mtu aliyekuwa anahema.

"Mama?" sauti ya Rozi ikasema. "Mama, huyo mtu anasema nini?"

Watu wote walikuwa wanamtazama. Fanueli akatafuta neno la kuanzia, akalikosa, na Rozi akauliza tena.